Matairi ya theluji kwenye jua la Likoni

NILIPONUNUA gari langu la kwanza mwaka wa 2023, kilichonifurahisha zaidi si rangi wala redio yake, bali matairi. Msomaji, usinicheke. Yeyote aliyewahi kununua gari la mtumba katika yadi za hapa Mombasa anajua kwamba mara nyingi huuziwa na matairi yaliyokwisha kuwa kipara, na kabla hujalifikisha nyumbani tayari unahangaikia pesa nyingine. Langu lilitoka Japani, na matairi yake yalikuwa na meno mengi yaliyochanjwachanjwa vijistari vyembamba, kana kwamba mtu aliyapitishia wembe. Siku nilipovuka nalo feri kuja Likoni, nilijiona mtu miongoni mwa watu.

Fundi wetu wa pancha aliyabonyeza kwa kidole gumba.

"Mama, umepata," akaniambia. "Tazama yalivyo laini. Haya utaendesha hata miaka mitano."

Nilimwamini. Ubavuni mwa kila tairi palikuwa na kijipicha cha mlima wenye vilele vitatu, na ndani ya mlima huo kitu mfano wa nyota. Nilidhani ni nembo ya kampuni. Binti yangu, aliyekuwa na miaka saba, alisema ni ua.

Jumamosi moja mwezi wa Mei 2024 nilikuwa nikielekea arusini Ukunda pamoja na mama yangu na binti yangu. Mvua ya rasharasha ilikuwa imenyesha na jua likatoka papo hapo, lami ikawa inafuka mvuke. Tulipokaribia Waa, mtoto mwenye sare za madrasa alikatiza barabara na baiskeli. Sikuwa na mwendo mkubwa, nakuapia. Nilikanyaga breki kwa nguvu zangu zote, na gari badala ya kusimama likaendelea kwenda, pole pole, kama mtu aliyekanyaga sabuni bafuni. Mtoto aliruka kando. Baiskeli haikuwahi. Gurudumu lake la nyuma lilipindika likawa kama chapati.

Nilishuka nikitetemeka. Nililipa baiskeli, nikaomba radhi kwa wazee waliokusanyika, na wao, Mungu awabariki, hawakunipandishia sauti. Mama hakusema neno mpaka tulipofika Ukunda. Hapo ndipo aliponiambia, "Mwanangu, gari lako halina breki."

Makanika alizikagua breki na kuzikuta nzima kabisa. Basi nikajua kosa ni langu. Nilijiona sifai kushika usukani, na kwa miezi miwili gari lilikaa uani, nami nikarudia matatu.

Mwezi wa Julai alikuja likizo ndugu yangu mdogo. Huyu alikuwa akifanya kazi katika hoteli moja ya Diani kabla ya kuoa na kuhamia Austria, na sasa anaendesha gari la kusambaza mizigo huko Innsbruck, mji uliozungukwa na milima ya Alps. Alikuwa hata hajamaliza chai aliposimama kulitazama gari langu. Akachutama. Akaanza kucheka, kisha kicheko kikamwishia.

"Dada, nani alikuwekea matairi ya theluji?"

Msomaji, hapo ndipo darasa lilipoanza, na ninakupa kama nilivyopewa. Mpira wa tairi la kawaida huanza kukakamaa joto likishuka chini ya digrii 7 hivi, ukashindwa kuishika barabara. Kwa hivyo wenye nchi za baridi hutengeneza tairi la mpira laini zaidi, lenye vile vijistari vya wembe ambavyo hufumbuka na kuing'ata theluji. Ule mlima wenye vilele vitatu ndio cheti chake: maana yake limejaribiwa kwenye theluji likafaulu. Herufi M+S, yaani matope na theluji, ni jambo tofauti. Hizo mtengenezaji hujiandikia mwenyewe bila jaribio, na utaziona hata kwenye pikapu nyingi za hapa kwetu, kwa hivyo zisikutie hofu peke yake.

Lakini ulaini huo huo, ukiuleta Likoni ambako mchana joto hupita digrii 30, unageuka balaa. Meno hulegea na kuyumba, mpira huliwa na lami upesi, na breki huhitaji nafasi ndefu zaidi, hasa barabara ikiwa imelowa. Nafasi hiyo ndiyo niliyoikosa pale Waa.

Huko kwao, alinieleza, si hiari. Sheria ya Austria inataka gari dogo liwe na matairi ya baridi kuanzia tarehe 1 Novemba hadi 15 Aprili kila barabara inapokuwa na theluji au barafu, na meno yasipungue milimita 4. Yakipungua hapo, mbele ya sheria hilo si tairi la baridi tena, hata kama kwa macho yetu bado ni zuri. Malori lazima pia yabebe minyororo. Ujerumani jirani wameanza kukaza zaidi: tangu Oktoba 2024 tairi la M+S tupu halikubaliki kwenye barafu, sharti uwe na ule mlima, na ukikosa faini ni Euro 60 pamoja na pointi moja katika rekodi ya leseni yako.

Minyororo hiyo nayo ina kisa. Majira yake ya kwanza ya baridi, ndugu yangu alikuwa akipanda kijiji kimoja mlimani akakutana na ubao wa duara wa rangi ya buluu wenye picha ya tairi lililofungwa mnyororo. Ubao huo ukiuona kule, huendi mbele bila kufunga. Yake ilikuwa ndani ya buti, bado kwenye mfuko wake, hajawahi hata kuifungua. Alichutama thelujini bila glavu, vidole vikafa ganzi, akaifunga kwa shida magurudumu ya nyuma. Gari halikupanda hata hatua moja. Magurudumu ya mbele ndiyo yaliyokuwa yakivuta, na minyororo hufungwa kwenye magurudumu yanayovuta. Mkulima mzee akateremka kwenye trekta yake, akaifungua bila kusema neno, akaihamishia mbele, akamwashiria aende mita chache, asimame, kisha akaikaza upya. Tangu siku hiyo ndugu yangu hufanya mazoezi ya kuifunga kila Oktoba, nje ya nyumba, kungali kukavu. Ukiwa nayo hupiti kilomita 50 kwa saa, na ukifika kwenye lami tupu unaitoa.

Mjomba wetu, aliyekuwa taniboi wa lori la Garsen miaka ya sitini, alisikiliza yote hayo akitafuna tambuu, kisha akauliza kama Wazungu wanadhani wao ndio walioanza. Masika yakiligeuza lile bonde la Tana kuwa uji, wao walifunga minyororo ya kukokotea lori kwenye magurudumu ya nyuma wakapita. Ndugu yangu alicheka akakubali kwamba ni kazi ile ile.

Nilimuuliza, sasa matairi haya yalifikaje kwangu? Japani kuna theluji nyingi. Matairi yao ya baridi zamani yalikuwa na misumari, lakini misumari ilichimba lami na kutimua vumbi, hadi sheria ya mwaka wa 1990 ikayapiga marufuku. Ndipo haya yasiyo na misumari yalipoenea. Meno yake yana alama inayojitokeza yanapolika nusu, na hapo tairi halifai tena kwa theluji. Nusu iliyobaki, msomaji, ndiyo niliyoishangilia feri nzima. Ubavuni palikuwa na neno STUDLESS kwa herufi kubwa, na tarakimu nne, 4419, yaani wiki ya 44 ya mwaka wa 2019. Nilikuwa nimeyaosha mara ngapi bila kuyasoma?

Ilinibidi kukopa chamani ili ninunue manne mapya ya kawaida. Fundi wa pancha alipoyatoa yale ya zamani, aliniuliza kama ninayauza. Nilikataa. Matatu niliyabeba nyumbani, na mama amepanda mchicha ndani yake. La nne nililisahau kibandani siku hiyo. Niliporudi kesho yake, kijana wake alikuwa amekwisha kuliuza kwa mwenye matatu wa njia ya Ukunda, akanikabidhi Sh1,500 akidhani amenifanyia hisani.

Pesa nilizipokea. Tangu hapo, nikiwa kwenye foleni ya feri, huinama kutazama mbavu za matairi ya kila matatu iliyo mbele yangu, na makanga hudhani nimeangusha kitu.