Sauti yangu kwenye tangazo la homoni

Najua nimepotea mwezi mzima, na kuna walionitumia ujumbe kuuliza kama nimeolewa kimyakimya. Hapana jamani. Nilikuwa nauguza, na katika kuuguza huko kuna jambo nimejifunza ambalo nisipoliandika litanikaa kooni.

Niseme kwanza kosa langu. Mimi ni mwandishi wa habari, lakini mnajua mwandishi kijana wa redio hapa Dodoma anafanya kila kitu. Asubuhi uko bungeni unabanana na wenzako kumsubiri waziri mlangoni, mchana unasoma taarifa ya habari, jioni unaitwa studio kusoma matangazo kwa sababu eti una sauti tamu. Basi mwaka jana nilisoma tangazo la sekunde 45 la kirutubisho cha kinamama. "Je mama, homoni zako zimevurugika? Hedhi haieleweki? Unatafuta mtoto hupati?" Halafu mwishoni, kwa sauti ya kutabasamu: "Ni mimea asilia, haina kemikali, haina madhara." Nililipwa shilingi 15,000. Nikanunua vocha na chipsi kuku, nikasahau.

Sasa nina dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, anaishi Nkuhungu na mumewe. Alipokuwa mdogo kule kijijini wilaya ya Bahi alisumbuliwa sana na mafindofindo, na hakuna aliyejua kwamba mafindofindo yasiyotibiwa yanaweza kuishia kwenye moyo. Yake yaliishia huko. Miaka sita iliyopita alifanyiwa upasuaji Dar es Salaam, akawekewa valvu ya bandia. Ukimkumbatia kukiwa kimya unaisikia inavyogonga, ka, ka, ka, kama saa ya ukutani. Tangu siku hiyo anameza warfarini kila jioni, kwa sababu bila dawa hiyo damu inaweza kuganda juu ya valvu na bonge likapanda kwenye ubongo.

Warfarini ni dawa yenye historia ambayo babu yangu, mfugaji, angeipenda. Miaka ya 1920 wafugaji wa Marekani na Kanada waliona ng'ombe wao wanavuja damu mpaka kufa baada ya kula majani makavu yaliyoota ukungu. Wanasayansi wa Wisconsin wakatafuta kilichomo, na kutoka hapo ikapatikana sumu ya panya mwaka 1948, kisha mwaka 1954 ikaruhusiwa kuwa dawa ya binadamu. Inazuia ini lisitumie vitamini K kutengeneza vitu vinavyogandisha damu. Ikipungua, damu inaganda. Ikizidi, unavuja. Ndiyo maana dada anapimwa kipimo kinachoitwa INR, na kwa valvu yake kinatakiwa kibaki kati ya 2.5 na 3.5.

Kliniki walimfundisha vizuri habari ya mboga. Mlenda, mchicha, kisamvu, matembele, vyote vina vitamini K. Hawakumwambia aache (Mgogo umwambie aache mlenda atakula nini?), walimwambia ale kwa kiasi kilekile kila wiki, asile sufuria zima masika halafu kiangazi asiguse. Alishika. Kwa miaka sita nilikuwa namtania kwamba anapima mlenda kama muuza dhahabu.

Tatizo lilikuwa hedhi. Mwanamke anayetumia warfarini mara nyingi hutoka damu nyingi kuliko kawaida, na yeye ilikuwa inafika siku nane. Ni jambo la kumwambia daktari, lakini daktari wake ni mwanaume wa makamo, na dada yangu aliona haya. Akamwambia jirani. Jirani akampeleka kwenye duka moja mjini, akashikishwa kile kijichuma kilichounganishwa na kompyuta. Nadhani wengi mmekiona. Unashika dakika moja, inatoka karatasi imechorwa figo, ini, kongosho na kizazi. Kizazi chake kilikuwa chekundu. "Homoni zimevurugika." Hakuna damu iliyochukuliwa, na homoni hupimwa kwenye damu, tena si zote kwa mara moja. "Mvurugiko wa homoni" wenyewe si ugonjwa mmoja. Inaweza kuwa tezi ya shingo, inaweza kuwa prolaktini iliyopanda, inaweza kuwa mayai hayapevuki, inaweza kuwa umri tu. Kila moja ina njia yake.

Alinunua chupa ya kapsuli 60 kwa shilingi 80,000. Baadaye nilimuuliza, dada ulikubalije? Akanijibu, "Mdogo wangu, nilisikia sauti yako redioni. Nikasema huyu hawezi kunidanganya."

Wiki ya tatu fizi zikaanza kutoa damu akipiga mswaki. Mikononi akawa na alama za bluu bila kugongwa. Hedhi ilipokuja haikuwa na mfano. Akampigia yule muuzaji, akaambiwa asiache, ule ni uchafu unatoka, kizazi kinajisafisha. Akaendelea. Siku ya tano ya kutoka damu hivyo alianguka chooni. Shemeji alinipigia saa nne usiku, nikatoka na kanga juu ya nguo ya kulalia, pikipiki, upepo wa Dodoma wa mwezi wa saba ule mnaujua.

Hospitali INR ilisoma zaidi ya 6. Wakasimamisha warfarini, wakampa vitamini K kidogo kidogo, wakamuongezea damu chupa mbili. Daktari akamuuliza mara tatu, kuna dawa yoyote mpya umekunywa? Mara zote tatu akajibu hakuna. Hakuwa anaficha. Dukani walimwambia hii siyo dawa, ni chakula, na yeye akaamini hivyo. Mimi niliyekuwa nimesimama pembeni nimeshika mkoba wake ndiye niliyehisi chupa ndani ya ule mkoba. Nikaitoa. Nilijua jina kabla sijalisoma.

Asubuhi yake tulikaa na mfamasia wa zamu, dada mmoja mpole sana, tukasoma lebo mstari kwa mstari. Naomba niwaandikie tulichosoma, maana tangazo langu halikukitaja.

Cha kwanza kilikuwa dong quai, mzizi wa Kichina. Huu unajulikana kwa kuongeza nguvu ya warfarini. Mwaka 1999 madaktari wa Marekani waliandika kisa cha mama wa miaka 46 ambaye INR yake ilipanda zaidi ya mara mbili baada ya kutumia dong quai wiki nne, na ikachukua mwezi hivi kushuka alipoacha. Nilipoisikia hiyo nilimtazama dada kitandani, naye alikuwa amelala. Cha pili, vitamini E kwa kipimo kikubwa, ambayo nayo huongeza kuvuja damu kwa mtu wa warfarini. Sasa piga hesabu ya hivyo viwili pamoja.

Halafu kulikuwa na kiazi kikuu cha porini, wanadai kinageuka homoni ya projesteroni mwilini. Hii ilinichekesha kwa uchungu. Ni kweli mkemia Russell Marker alitengeneza projesteroni kutokana na viazi vikuu vya Meksiko miaka ya 1940, lakini alifanya hivyo kwa kemikali za maabara. Mwili wa binadamu hauna maabara hiyo. Unakula, unatoa, basi.

Kulikuwa na black cohosh, mmea ambao Uingereza na Australia tangu mwaka 2006 zinataka chupa zake ziwe na onyo kuhusu ini. Onyo hilo kwenye chupa yetu sikuliona. Kulikuwa na vitex, inayogusa mfumo wa dopamini kwenye ubongo, kwa hiyo inatiliwa mashaka kwa mtu anayetumia dawa kama haloperidoli, zile wanazopewa wagonjwa wengi wa Mirembe, au hata metoklopramidi ya kuzuia kutapika. Kulikuwa na soya, ambayo huingilia dawa ya tezi ya shingo isinyonywe vizuri. Na magnesiamu. Mfamasia akasema hiyo magnesiamu ukiiona usiidharau, kwa sababu inaikamata dolutegravir tumboni. Dolutegravir iko kwenye kidonge kinachotumiwa na watu wengi wanaoishi na VVU hapa nchini tangu 2019, na inatakiwa imezwe saa mbili kabla ya kirutubisho chenye magnesiamu au saa sita baada yake.

Mbele ya kila mmea hakukuwa na miligramu. Iliandikwa "mchanganyiko maalumu" na uzito wa jumla. Yaani dong quai inaweza kuwa chembe au inaweza kuwa nusu ya kapsuli, huwezi kujua.

Akaniambia pia kuhusu mmea mwingine ambao kwenye chupa yetu haukuwemo, ila upo kwenye chupa nyingi za kinamama na za "kutuliza mawazo". Unaitwa St. John's wort (hauhusiani na chuo chetu cha Mtakatifu Yohana pale Mazengo, tafadhali). Huo unaliamsha ini livunjevunje dawa haraka kuliko kawaida. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani walionyesha unashusha kiwango cha indinaviri, dawa ya VVU ya enzi hizo, kwa asilimia 57. Unadhoofisha vidonge vya uzazi wa mpango na vijiti vya mkononi vilevile. Mtu anakunywa arekebishe homoni, anashtukia ana mimba ambayo hakuipanga, halafu tunamsema.

Nyuma ya chupa, kwa maandishi madogo ambayo ilibidi niyapige picha na simu niyakuze, kuna sentensi kwamba bidhaa hii haikusudiwi kutibu wala kuzuia ugonjwa wowote. Sheria ya Marekani ya mwaka 1994 inaruhusu virutubisho kuuzwa bila kuthibitisha kwanza kwamba vinafanya kazi, ila maneno hayo lazima yawepo. Yalikuwepo. Kwa Kiingereza, chini kabisa. Kwa Kiswahili kulikuwa na sauti yangu. Hapa kwetu mwaka 2019 TFDA iligeuka TMDA, ikabaki na dawa na vifaa tiba, mambo ya chakula yakahamia TBS. Sina ugomvi na mgawanyo huo. Ninachosema ni kwamba chupa hii inapofika dukani inajiita chakula, na ikifika redioni inaongea kama dawa.

Nilimfuata bosi kazini, nikamwomba alitoe tangazo. Akanisikiliza vizuri, akaniambia mteja ameshalipia mpaka mwisho wa mwezi. Nikaomba basi walau waondoe maneno "haina madhara". Akasema script ni ya mteja. Sikugombana naye, nina kodi ya chumba. Ila nimemwambia matangazo ya dawa na virutubisho mimi tena sisomi, na siku hizi anasoma mwenzangu.

Dada alikaa wodini siku sita. Safari hii alimwambia daktari habari ya hedhi, na yule mzee hata hakushtuka, alimwandikia aonane na daktari wa kinamama siku ileile. Mpaka tangazo lilipoisha muda wake, kila lilipoanza alikuwa ananyoosha mkono anazima redio, haraka, kabla sijaingia kutoka uani. Alidhani sijui. Jumatano ana kliniki ya kupima INR, na mimi nimeomba ruhusa kazini nimsindikize.