Koti la Kaki

Kijana wa dada yangu anaendesha bodaboda hapa Mtera. Novemba iliyopita alilikuta koti langu la kaki limeanikwa uani, akacheka mpaka akashika ukuta. "Shikamoo mjomba. Hili koti lilikuwa la nini? Ulikuwa unafanya kazi Makete?" Nikaitikia marahaba, nikamtazama. Singlendi, kaptula, kandambili, na kofia ngumu imening'inizwa kwenye usukani. Mabega yameungua yanabambuka, midomo imepasuka. Huyo ndiye aliyekuwa ananicheka.

Vijana wanaamini joto la Mtera dawa yake ni kuvua. Sisi tulikuwa tunavaa, tena tunafunga mpaka shingoni. Wala si kwamba tulikuwa na akili kuwashinda. Kilichotuvalisha ni vumbi.

Aliyepita barabara ya Dodoma na Iringa kabla ya lami hana haja ya kusimuliwa. Kwenye ramani za wakoloni ilikuwa sehemu ya Barabara Kuu ya Kaskazini, ile iliyootwa kutoka Cape hadi Cairo. Ukifika Fufu na Chipogoro ilikuwa unga mtupu. Basi likikupita unasimama pembeni, unafumba macho, unasubiri dunia irudi. Wenye pikipiki tulikuwa wa kuhesabika: bwana mifugo, padri, mratibu wa elimu, na mimi bwana samaki, niliyeletwa kupima matundu ya nyavu na kuandikisha mitumbwi katika bwawa ambalo wazee walikuwa bado wanalionyesha kwa kidole: pale palikuwa na shamba la fulani.

Bwawa linahesabiwa kuwa lilikamilika 1980, ingawa wapo wanaorudisha nyuma mwaka mmoja na wanaosogeza mbele. Lilijengwa kuutunzia maji ya Ruaha Mkuu mtambo wa Kidatu; mitambo yake lenyewe, megawati 80, ilikuja 1988. Fundi cherehani aliyenishonea koti nilimkuta kabla ya mitambo, maana nakumbuka pasi yake ilikuwa ya mkaa. Lakini hata mitambo ilipowashwa pasi iliendelea kuwa ya mkaa, umeme ukitupita juu ya vichwa kwenda zake. Basi hiyo si hoja. Tuache miaka.

Fundi alikuwa na baraza kando ya barabara, jirani na akina mama wauza samaki. Harufu ya pale naweza kuitenganisha mpaka leo: mafuta ya cherehani, mkaa wa pasi, perege wakavu juu ya mkeka, na pikipiki yangu ya Yamaha iliyokuwa ikinywa petroli iliyochanganywa na oili na kutoa moshi wa samawati. Alikuwa Mgogo mtu mzima, mwembamba, mchache wa maneno. Kwanza Mbukwenyi, uitikie sawasawa, kisha ndipo mwende kwenye Kiswahili na shida iliyokuleta.

Nilimpelekea kitambaa cha kaki nikasimama wima nipimwe. Hakuinua hata futi. "Bwana Samaki, leta pikipiki." Nikaisogeza barazani. "Panda. Shika usukani." Akanipima hivyo hivyo nimekaa, mikono mbele, mgongo umeinama kidogo, wauza samaki wakicheka. Koti la pikipiki, alisema, halipimwi mtu akiwa amesimama. Ukilipima hivyo, ukipanda mikono inakwea mpaka kwenye viwiko na mgongo unaachwa wazi. Lilipokwisha lilikuwa kituko ukilivaa kwa miguu. Mikono inafunika vidole, nyuma linakaribia magoti. Ukipanda pikipiki, kila kitu kinakaa mahali pake.

Vifungo alivificha chini ya ukanda wa kitambaa ili vumbi lisipite kwenye matundu. Kwenye vifundo vya mikono alitia lastiki. Kola ilikuwa ndefu, ya kusimamisha na kuzungushia kitambaa. Ndani alitia marekani nyepesi, kwa sababu kaki ikilowa jasho inachubua. Lakini kazi yake hasa ilikuwa kwapani. Pale aliacha mshono wazi, upana wa vidole vitatu, akaupiga lisani pembeni usichanike. Nilidhani amesahau. "Hilo dirisha," akasema, basi.

Tena kabla ya kuondoka saa sita mchana alikuwa hakuruhusu uende mkavu. Alikuwa na ndoo ya maji kwa ajili ya pasi. Vua fulana, ichovye, ikamue kidogo, ivae, koti juu yake, kifungo cha shingoni usikifunge. Ukifika Chipogoro imekauka, lowesha tena, na unywe maji kabla hujasikia kiu. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo nilitetemeka kwa baridi ndani ya koti, Novemba, jua la utosi, ng'ombe wamejibanza chini ya mbuyu.

Miaka mingi baadaye nikaja kusoma sababu yake. Ngozi ya mtu ina joto la nyuzi kama 35. Hewa ikiwa chini ya hapo, upepo unakupoza. Ikipanda juu ya hapo, upepo huohuo unakuongezea joto, na kadiri unavyokwenda kasi ndivyo unavyoongezewa. Kinachobaki kukupoza ni jasho linapokauka, na upepo mkavu wa bonde letu unalikausha kabla hujajua kwamba umetoka jasho. Mwenye singlendi anajiona yuko mkavu, yuko salama, kumbe anakamuliwa. Kichwa kinaanza kugonga, miguu inakakamaa, anasema ni malaria. Koti lenye dirisha linauzuia upepo usimalize maji ya mwilini kwa mkupuo mmoja. Wafugaji na mashuka yao wanalijua hilo bila kitabu.

Na koti lilikuwa na shughuli mbili. Mji wa Iringa uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, bwawa liko chini ya 700. Ukitoka Iringa alfajiri ulihitaji kujazwa magazeti kifuani, *Uhuru*, *Mzalendo*, chochote kilichopatikana. Ukishamaliza kuteremka Nyang'oro joto linakupokea. Izazi unayachomoa, Mtera unamkabidhi Fundi, anayakata kuwa vielelezo vya mashati. Kwa hiyo mambo makubwa ya nchi hii, karibu yote, mimi niliyapitisha Nyang'oro yakiwa yameloa jasho, na mengine nilikuja kuyaona tena yamekatwa umbo la mkono wa shati la mtoto wa shule.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Mitumba ikajaa minadani, makoti ya Ulaya ya theluji kwa bei ambayo Fundi hakuiweza hata kwa kitambaa peke yake. Zikaja pikipiki za Kichina, kila nyumba ikawa na kijana juu ya pikipiki. Kanuni za 2010 zikazitambua rasmi kuwa usafiri wa abiria. Fundi akawa ametangulia mbele ya haki. Baraza lake likapigwa X nyekundu, likabomolewa ili barabara ipite, na lami ikashuka, kilomita 260 kutoka Dodoma hadi Iringa, ikafunguliwa rasmi 2018. Siilaumu lami. Niliyewahi kusukuma pikipiki mchangani siwezi kuilaumu.

Ila vumbi lilipoondoka, nguo nazo ziliondoka. Jua halikuondoka. Kasi imeongezeka maradufu na lami inakurudishia joto kutoka chini, na ukianguka inakuchuna. Kofia ngumu inavaliwa karibu na trafiki tu. Abiria ana kandambili. Tazama mashavu ya miguu ya akina mama wa hapa, wangapi wana kovu la kuunguzwa na bomba la moshi. Wachache wanaovaa wanavaa jaketi la nailoni lenye sufi, limezibwa pande zote, na boksi kifuani. Ukiwauliza wanasema wanaogopa nimonia. Nimonia haiji kwa upepo, lakini nisiwacheke sana, sisi wenyewe tulivaa kwa ajili ya vumbi.

Mpwa wangu alipochoka kucheka alilijaribu koti, akaenda nalo mpaka darajani na kurudi. Hakusema kitu, ila jioni akauliza kama linaweza kushonwa lingine. Nikampeleka Migoli kwa fundi kijana, msafi wa mkono, anayeshona sare za shule. Nikamwachia koti langu liwe kielelezo. Alimpima mpwa wangu akiwa amesimama. Nikamwambia, akacheka kwa adabu, akasema, "Sawa, mzee."

Tulilifuata baada ya wiki. Koti jipya lilikuwa zuri ajabu, mshono umenyooka, kola imekaa. Kwapa zimeshonwa hadi mwisho. La zamani nalo alikuwa amelikunja vizuri, amelipiga pasi. "Mzee, hili kwapa zilikuwa zimeachia pande zote mbili," akaniambia. "Nimekuzibia. Hiyo sikudai."