Kitanda cha Bei Rahisi

Msomaji, mgeni aendaye Mombasa kwa likizo huuliza kwanza bei ya kitanda. Swali hilo ni jema, lakini peke yake halitoshi. Hana budi kuuliza pia kitanda hicho kiko umbali gani na mambo aliyoyaendea.

Nilimpeleka baba yangu huko kwa siku mbili. Tamaa yake ilikuwa moja: kuiona Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593. Nilipanga chumba cha bei ndogo ng'ambo ya Likoni, nikajisifu kuwa mwekevu. Siku ya kwanza ilikwisha kwa uchovu wa safari. Siku ya pili tulicheleweshwa kivukoni, na tulipofika ngomeni tulikuta lango limefungwa. Alfajiri ilitupasa kurudi kwetu. Baba hakunilaumu, aliyapapasa mawe ya ukuta kwa nje, akanyamaza. Kimya hicho kiliniuma kuliko karipio.

Mwaka uliofuata nilimpeleka tena. Safari hiyo tulikaa kisiwani, karibu na soko la Marikiti, katika nyumba ya wageni isiyo na fahari. Bei ya chumba ilizidi kidogo, lakini nauli ilibaki mfukoni. Ngome, vichochoro vya Mji wa Kale na wauza viazi vya karai, vyote tulivifikia kwa miguu, tena kwa mwendo wa mzee.

Basi, uchaguapo mtaa wa kukaa mjini, jumlisha bei ya chumba, nauli na saa zako. Fedha iliyopotea hutafutwa tena. Jioni iliyopita hairudi.