Mwanangu, Nimesahau Miwani

Presha ya macho ilininyang'anya nuru polepole. Nilipoandikishwa kuwa mtu mwenye uoni hafifu, niliambiwa nina haki ya kupata kadi ya basi. Hapa Uingereza, tangu Aprili 2008, mwenye kadi hiyo hupanda mabasi ya kawaida bila nauli popote nchini: siku za kazi kuanzia saa tatu na nusu asubuhi hadi saa tano usiku, na mwisho wa juma siku nzima. Kwangu mimi niliyeacha kuendesha gari, hiyo ndiyo ingekuwa njia ya kufika hospitali na kanisani.

Nikaomba fomu. Ikaja kwa posta, kurasa kadhaa za maandishi madogo. Nikacheka kwa uchungu: ili kuthibitisha kwamba sioni, ilinipasa kwanza nione. Ile ya kwenye intaneti ilikuwa picha tu ya karatasi zilezile. Programu inayonisomea kwa sauti haikukuta herufi hata moja, ikanyamaza.

Jumapili, baada ya ibada yetu ya Kiswahili, nikamwomba kijana mmoja anisaidie. Akaanza kusoma kwa sauti, kwa upendo kabisa: una magonjwa gani mengine? Unatumia dawa zipi? Watu walikuwa wakipita na vikombe vya chai. Nilijibu kwa kunong'ona, kisha nikamwambia tuache, Bwana atanipa miguu.

Usiku ule niliomba nipewe uvumilivu. Aliyenijia moyoni ni Bartimayo wa Yeriko. Umati ulimkemea anyamaze, naye akazidi kupaza sauti. Na Yesu, ambaye shida ile ilikuwa wazi mbele yake, alisimama akamwuliza anataka afanyiwe nini. Hakumjibia. Nikatambua kwamba kunyamaza kwangu nilikuwa nimekuita unyenyekevu, kumbe ilikuwa aibu.

Jumatatu nikaipigia simu halmashauri. Nikaeleza kwamba Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inawataka watoa huduma wafanye marekebisho yanayofaa kwa mtu mwenye ulemavu, pamoja na kumpa habari kwa namna atakayoweza kuisoma. Mama aliyepokea simu hakubisha. Akanitumia kwa baruapepe fomu yenye maandishi ambayo programu yangu iliweza kuyasoma. Nikaijaza mwenyewe, mlango nimeufunga. Kadi ilipofika nililia, wala si kwa sababu ya basi.

Siandiki haya ili kuishtaki ofisi. Kabla ya kuugua nilikuwa katibu wa usharika huko nyumbani Tanga. Fomu za kipaimara, kadi za ahadi, orodha za semina, zote nilizichapa mimi, na ili kuokoa karatasi nilipunguza herufi. Kulikuwa na bibi mmoja aliyeniambia kila mwaka, "Mwanangu, nimesahau miwani." Nami nilimjazia harakaharaka, hata kiasi cha ahadi yake nikikitaja kwa sauti mbele za watu. Sikumwuliza kamwe kama miwani hiyo alikuwa nayo.

Walawi 19:14 inakataza kuweka kikwazo mbele ya kipofu. Miaka yote nilidhani ni jiwe.

Bibi yule amekwisha kulala, siwezi kumwomba radhi. Ninaloweza ni hili: kila karatasi inapotaka kutoka kanisani kwetu, nauliza kwanza, "Nani hataweza kuisoma hii?" Kisha namwendea, namwuliza anataka afanyiwe nini.