Vidole vya Zambarau

Nilianza uuguzi mwaka 1981, katika hospitali moja ya misheni mkoani Kagera. Miaka miwili baadaye wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa katika mkoa wetu huohuo. Mitaani ugonjwa uliitwa Juliana, jina la nguo za magendo zilizovushwa kutoka Uganda, kwa kuwa wengi waliotangulia kuugua walikuwa vijana wa biashara za mpakani.

Dawa yake hatukuwa nayo. Tulikuwa na maji ya ORS, septrini ikiwapo, na GV, ile dawa ya zambarau. Mgonjwa akiota utando mweupe kinywani hadi kushindwa kumeza mate, nilizungushia pamba kwenye kijiti, nikachovya, nikampaka ulimi na mashavu kwa ndani. Rangi ile haisikii sabuni. Jumapili nilishika kitabu cha nyimbo, Tumwabudu Mungu Wetu, kwa vidole vya zambarau, na jirani yangu wa benchi akajisogeza kidogo.

Kila asubuhi, kabla ya kupokeana zamu, tulisali wodini. Ombi langu lilikuwa moja: Baba, lete dawa. Mwaka wa kwanza niliomba kwa machozi, wa tano kwa mazoea, wa kumi kwa hasira. Mchungaji alipohubiri kwamba Mungu hachelewi, mimi nilikuwa nahesabu vitanda.

Mwaka 1996, Bukoba nzima ikiwa msibani kwa ajili ya kuzama kwa meli ya MV Bukoba, mdogo wangu alilazwa wodini kwangu. Nilimpaka GV kwa mkono wangu. Usiku mmoja akaniuliza, "Dada, mkisali asubuhi, na mimi huwa mnanitaja?"

"Tunakutaja."

"Basi nitajeni kwa sauti, nisikie."

Kulipokucha nilimtaja kwa sauti. Alifariki Agosti.

Miaka kadhaa baadaye, nikiwa kwenye semina, nilisikia kwamba Julai ya mwaka ule, huko Vancouver, Kanada, wataalamu walikuwa wametangaza kuwa dawa tatu zikimezwa pamoja humdhibiti mdudu. Kumbe dawa niliyoiomba ilikuwapo duniani, mdogo wangu akiwa bado kitandani! Bei yake ndiyo haikuwa ya mtu wa mgombani. Nilikuwa nimemnunia Mungu miaka yote kwa kimya ambacho, sehemu yake kubwa, kilikuwa cha wanadamu. Sisemi kwamba nilitulia. Kwa nini hakuwasukuma hao wanadamu? Hilo namuuliza hadi leo. Ila kununa niliacha. Nikauliza waziwazi, kama Daudi anavyouliza katika Zaburi ya 13.

Mwaka 2004 serikali ilianza kutoa ARV bure. Kulikuwa na kijana ambaye ndugu zake nilikwisha waambia wajiandae. Alimeza vidonge asubuhi na jioni, na baada ya miezi sita akatujia na mkungu wa ndizi begani, kaubeba mwenyewe. Akaomba tusali shukrani.

Wenzangu wakanigeukia mimi, mkubwa wao. Sauti haikutoka. Chini ya ule mkungu nilikuwa namwona mdogo wangu. Basi kijana akasali mwenyewe, kwa Kihaya, sala fupi. Nilipoweza kusema amina, wenzangu walikwisha anza kumimina chai.