Gari Halivuti? Anza na Vumbi

Kama unabeba zabibu kutoka Chinangali au alizeti kutoka Mvumi kwa gari la dizeli, na siku hizi ukikanyaga mafuta halichanganyi, usikimbilie kununua pampu. Zabibu za Agosti na Septemba zinavunwa wakati wa kiangazi, na hazimsubiri fundi. Zikishinda njiani kwenye jua, bei imekwenda.

Pikapu yangu naanza kuikagua kwenye chujio la hewa. Barabara zetu huliziba mapema kuliko kitabu cha gari kinavyosema. Dalili yake ni moshi mweusi na injini kulemewa. Litoe, ligongegonge taratibu, kisha lipulize kwa upepo mdogo kutoka ndani kwenda nje. Ukipuliza kutoka nje, vumbi unalididimiza. La karatasi usilioshe. Na tafadhali, usiendeshe bila chujio. Wapo wanaofanya hivyo, na gari linachangamka kweli, lakini mchanga unasaga ringi na silinda, na hapo tena ni habari ya kushusha injini.

Moshi hakuna, ila nguvu zinaisha mlimani likiwa na mzigo? Badilisha chujio la dizeli, hasa kama unanunua mafuta ya madumu. Injini ikipiga kelele na mwendo hauongezeki, klachi inateleza. Baada ya safari pitisha kiganja karibu na kila gurudumu, rimu usiiguse. Lenye joto kuliko mengine, breki yake imeshika.