Konokono, Parafujo na Kamba ya Mama

Walimu wenzangu, kosa nitakalolisimulia hapa ni langu mwenyewe, wala sina wa kumsingizia.

Nafundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari kusini-magharibi mwa Uganda, kwenye milima ya Kigezi, ambako maharagwe mengi hupandishwa juu ya miti wala hayaachwi kutambaa chini. Masomo ya sayansi kwetu hufundishwa kwa Kiingereza, na sisi wa Kiswahili aghalabu tunahesabiwa kuwa watu wa salamu na methali. Kwa hiyo siku binti mmoja aliponijia akitaka kuandika insha ya Kiswahili juu ya DNA, ile kemikali ibebayo urithi wa viumbe, nilifurahi kupita kiasi. Akaniuliza, "Mwalimu, lile umbo lake la kuzunguka tuliite nini?" Nami, bila kufungua kamusi wala kumwuliza aliyenizidi elimu, nikamjibu, "Andika umbo la konokono."

Wiki mbili zikapita. Mwalimu wa biolojia akaingia katika chumba cha walimu na karatasi ya mtihani mkononi, akaiweka mbele yangu. Binti yule alikuwa amechora DNA kama ile dawa ya mbu tunayoichoma usiku: mstari mmoja bapa uanzao katikati na kujizungusha ukitanuka kwenda nje. "Mwalimu," akaniambia kwa upole ulioniumiza kuliko ukali, "mtoto huyu anasema wewe ndiwe uliyemfundisha." Alama zote za swali lile zilikuwa zimekwenda, nazo hazikurudi.

Jioni ile nilikaa na mwalimu huyo, naye akanifundisha kwa msumari wa parafujo alioufungua katika dawati bovu. Dawa ya mbu, alisema, huzunguka mahali pamoja, na kila mzunguko ni mpana kuliko uliotangulia. Gamba la konokono nalo hutanuka kadiri linavyozunguka. Lakini mtaro wa parafujo hauendi hivyo. Unazunguka huku ukisonga mbele, na upana wa duara lake haubadiliki tangu mwanzo hata mwisho. Mambo mawili kwa wakati mmoja: kuzunguka na kwenda. Elektroni ikiingia kwa mshazari katika uga wa sumaku husafiri vivyo hivyo, kwa sababu nguvu ya sumaku huigeuza pembeni daima bila kuizuia kusonga mbele.

Neno parafujo tulilipata kwa Wareno waliokuja pwani. Mafundi wengine husema skrubu. Nikadhani kazi imekwisha: tuseme "umbo la parafujo" basi. Lakini nilipolala nikaona halitoshi. Parafujo ni chuma kigumu chenye mtaro uliochongwa, na DNA haikuchongwa. DNA ni nyuzi mbili zilizozungukana. Unene wake ni kama nanometa 2, na kila mzunguko mmoja huchukua kama nanometa 3.4 za urefu. Nyuzi mbili zilizozungukana! Ndipo nikamkumbuka mama.

Mama yangu alikuwa akisokota kamba za migomba. Alichukua mafungu mawili ya nyuzi zilizokauka, akayaviringisha juu ya paja kwa kiganja, kila fungu likajipinda upande mmoja. Kisha akayaacha yazungukane kwa upande wa pili. Nilipokuwa mdogo nilijaribu kuyapinda na kuyazungusha yote upande mmoja, na kamba yangu ilifumuka mara nilipoiachilia. Mama alicheka, lakini hakunieleza sababu. Pengine aliijua kwa mikono tu. Sababu ni kwamba kila fungu linataka kujifungua, na kwa kutaka kwake kujifungua linazidi kulibana lenzake.

Nilipomsimulia mwalimu wa biolojia habari hii alinyamaza kidogo, kisha akaniambia kuwa mama yangu alikuwa anafanya kazi ya kolajeni. Kolajeni ni protini iliyomo katika ngozi, mifupa na kano zetu. Ina nyuzi tatu. Kila uzi umejipinda kwa kushoto, na zote tatu pamoja zimezungukana kwa kulia. Jambo hili lilifichuliwa na G. N. Ramachandran na wenzake huko Madras, India, katikati ya miaka ya 1950. Sikuweza kulala upesi usiku ule. Hila ya kamba ya mgomba imo katika kano ya kisigino changu!

Basi nikaingia darasani na neno langu: msokoto. DNA ni msokoto wa nyuzi mbili, kolajeni ni msokoto wa nyuzi tatu. Darasa zima likaangua kicheko. Nilisahau kwamba vijana wanalijua neno hilo kwa mambo ya bangi. Niliwaacha wacheke mpaka wachoke, halafu nikawagawia nyuzi za migomba, na kila wawili wakasokota kamba. Kicheko hakikurudi. Hata hivyo sisemi kwamba msokoto ufae kila mahali. Njia ya elektroni si msokoto, kwa kuwa hapana kilichosokotwa. Hapo nasema njia ya parafujo, wala sioni aibu kutumia maneno mawili pale Kiingereza kinapotumia moja.

Mwalimu wa kemia, kwa kuona wivu nadhani, alituletea kipande cha muhogo na ayodini. Sote tumeona wanga ukigeuka rangi ya buluu iliyokaribia weusi, na wengi wetu hatukuuliza kwa nini. Sehemu ya wanga iitwayo amilosi ni mnyororo mrefu wa glukosi ambao hujizungusha, kama glukosi sita kwa kila mzunguko, ukaacha uwazi katikati. Ayodini huingia katika uwazi huo, na hapo ndipo rangi ile huzaliwa.

Binti yule, ambaye nilikuwa nimemwomba radhi mbele ya wenzake, aliuliza swali lililonipendeza: watu walijuaje umbo la kitu wasichoweza kukiona? Nilimsimulia habari za Rosalind Franklin, ambaye pamoja na mwanafunzi wake Raymond Gosling alipiga picha maarufu ya eksirei ya DNA mjini London mwezi Mei 1952. Picha ile haionyeshi uzi wowote; inaonyesha madoa yaliyopangika kama msalaba wa kulala. Msokoto ukitazamwa kwa ubavu, upande wa mbele huinamia huku na upande wa nyuma huinamia kule, na miinamo hiyo miwili ndiyo iliyoandika msalaba. Watson na Crick walitangaza umbo lenyewe mwezi Aprili 1953. Franklin alifariki mwaka 1958 akiwa na umri wa miaka 37, na Tuzo ya Nobel ya mwaka 1962 ikawaendea Watson, Crick na Wilkins.

Kisha tukatoka kwenda shambani kutazama maharagwe. Niliwafundisha kipimo chepesi: simamisha kitu wima, kama uzi wa mbele unapanda kutoka kushoto kwenda kulia, huo ni msokoto wa kulia, na hata ukikigeuza kitu juu chini jibu halibadiliki. Maharagwe yote tuliyoyaona yalipanda kwa kulia. Kijana mmoja mkaidi aliufungua mmea, akauzungusha kwa kushoto na kuufunga kwa uzi. Baada ya siku chache ncha yake mpya ilikuwa imeendelea kwa kulia kama kwamba hakuna aliyeugusa.

DNA ya kawaida nayo ni ya kulia. Tuliporudi katika maabara, binti alisimama mbele ya chati kubwa iliyotundikwa ukutani, akainamisha kichwa, akaipima kwa kidole. Chati ilikuwa imechorwa kwa kushoto. Mwalimu wa biolojia aliitazama, akanitazama, akatoka nje bila kusema neno. Alirudi na penseli, akampa binti, naye akaandika chini ya picha, kwa Kiswahili: "Imekosewa. Msokoto huu ni wa kulia."